Treni ya Chini na Kona ya Githinji

Jacktone Murunga alinunua robo kilo ya matumbo, akapewa pamoja nayo mji mzima wa Eldoret bila kulipa nyongeza.

Siku hiyo mchinjaji alikuwa ameishiwa na magazeti. Akavuta karatasi moja ndefu kutoka kwenye bunda la makaratasi makuukuu aliyonunua kwa kilo, akafunga nayo matumbo, akampa. Jacktone alipofika kivulini akafungua kuangalia kama amepunjwa. Hapo akaona karatasi ni ramani. Barabara zote za mji zilikuwemo, na chini ya barabara kulikuwa na mistari mirefu ya buluu, na juu ya mistari kulikuwa na vidoti vyekundu vyenye nambari, kuanzia moja hadi ishirini na sita.

Mtu mwingine angeona ramani ya mabomba ya maji machafu, kwa sababu ndiyo hiyo ilikuwa. Jacktone aliona treni.

Tusimlaumu haraka. Kila mtu Mungu amempa macho ya kazi yake. Fundi wa nguo akikutana na wewe anaona mabega. Mchimba kaburi anaona urefu. Jacktone akiona kitu chochote, anaona mtu wa kumuuzia. Mwaka ule alikuwa amewauzia wakulima wa Moiben dawa ya kumfanya ng'ombe azae mapacha, na kwa vile ng'ombe hubeba mimba miezi tisa, alikuwa na miezi tisa ya kutafuta riziki nyingine. Sasa ulikuwa umeingia wa nane.

Akawapa mbwa matumbo. Akaenda kwenye chumba alichopanga, akainakili ramani kwa penseli kwenye karatasi safi, kwa sababu ile ya kwanza ilinuka, na serikali hainuki matumbo.

Siku hizo chama kilikuwa kimoja, na maswali yalikuwa machache kuliko chama. Mtu akikuambia jambo fulani ni siri ya serikali, ulinyamaza kwanza ukaelewa baadaye, na wengi hawakufika hapo pa kuelewa. Nani angeenda ofisini kuuliza? Ungeulizwa wewe kwanza: umesikia wapi, na ulikuwa na nani?

Asubuhi iliyofuata Jacktone akavaa suti yake ya Kaunda, akachomeka kalamu tatu mfukoni, akaingia kwa hoteli ya Nasambu.

Nasambu alikuwa amekuja Eldoret kutoka Bungoma na sufuria mbili. Kwa miaka minane alikuwa amekodi chumba cha kona karibu na soko, kwenye ploti ya Mzee Githinji, na hiyo kona ndiyo iliyomlisha. Makarani walipita hapo wakienda kazini, wachuuzi walipita hapo wakitoka sokoni, na wote walikuta chai iko moto. Ukimtoa Nasambu kwenye hiyo kona ni sawa na kutoa jiwe moja la jiko. Chungu kinamwagika.

Jacktone akaagiza chai na mandazi mawili, akatandaza ramani mezani. Kila mtu alipopita aliifunika kwa mkono. Alifunika vizuri sana, hata ilipofika saa nne kila mtu alikuwa amepita mara tatu.

Mzee Githinji mwenye ploti akaja mwenyewe. Alikuwa mzee mfupi mwenye kofia na maduka matano yaliyopangana.

"Kijana, unaficha nini kwa nyumba yangu?"

"Hakuna kitu, Mzee. Kazi tu ya serikali."

"Serikali gani inafanyia kazi kwa hoteli ya mandazi?"

"Ile isiyotaka kujulikana, Mzee."

Githinji akavuta kiti. "Hii laini ni ya nini?"

Jacktone akashtuka kama mtu aliyekutwa akioga. "Mzee, umeona? Basi sina budi. Mimi ni Injinia Murunga. Hii ni treni ya chini kwa chini. Watu wanashuka ngazi, wanaingia ardhini kama fuko, wanatokea mtaa wa Pioneer bila kunyeshewa."

"Chini ya ardhi? Na Nairobi wako nayo?"

"Nairobi waliomba, wakanyimwa."

Maneno hayo yalimwingia Githinji hadi kwenye uboho wa mifupa. Akavua kofia. "Na hizi nukta zenye nambari?"

"Stesheni."

"Hii ya nne iko wapi?"

"Mzee, umeikalia."

Githinji akainuka kidogo kutoka kwa kiti, kwa heshima, kama mtu aliyekalia Biblia bila kujua.

"Mwenye ploti yenye stesheni analipwa fidia," Jacktone akanong'ona. "Halafu mlango wa stesheni unakuwa wake. Atauza soda, magazeti, kila kitu, kwa watu elfu kwa siku. Lakini laini bado ni ya penseli, Mzee. Penseli inafutika."

"Itakuwa ya wino lini?"

"Inategemea shukrani."

Githinji alishukuru mchana huo huo, ndani ya bahasha. Kisha akarudi hotelini, akasimama mbele ya jiko.

"Mama Nasambu, mwisho wa mwezi utoke. Nahitaji kona yangu."

"Mzee! Miaka minane! Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Ni maendeleo."

Nasambu alishika mwiko, akasimama hivyo hivyo mpaka maziwa yakafurika. Aende wapi? Vyumba vya mbele vyote vya soko vilikuwa na wenyewe. Nyuma, kwenye vibanda vya mbao, makarani hawakanyagi.

Akaenda kupangusa meza ya Injinia, na kwa kuwa yeye ni mtu wa kutazama kabla ya kulia, akatazama ramani. Akaona vidoti. Akaona nambari nne, nyuma ya jiko lake. Akatazama tena.

Nambari nne alikuwa anaijua kuliko mtu yeyote Eldoret. Ilikuwa shimo lenye kifuniko cha chuma, ambalo kila masika liliziba. Wafanyakazi wa mji walikuja na fito ndefu, wakalizibua, na wateja wote wakakimbia na vikombe mkononi. Abiria wa stesheni ile Nasambu aliwajua kwa harufu.

Aseme? Angemwambia nani? Mtu aliyekwisha kulipa hataki kuambiwa ukweli, anataka treni. Na hata kama Githinji angeamini, tayari alikuwa ameonja utamu wa kona yake. Angempa mwingine kwa kodi kubwa zaidi.

"Injinia," akasema, "nikuongezee chai?"

"Niongezee, Mama. Wewe ni mtu mzuri."

"Najaribu," akasema Nasambu.

Siri ya serikali ilitembea sokoni siku mbili tu. Siku ya tatu Kabiru, mwenye duka la vifaa vya ujenzi upande wa pili wa barabara, akaingia hotelini akiwa amevaa tai. Kabiru na Githinji walikuwa wamegombana tangu wakiwa vijana juu ya mpaka wa futi moja na nusu. Githinji akijenga ukuta, Kabiru anajenga mrefu zaidi. Githinji akinunua redio, Kabiru ananunua yenye spika mbili.

"Injinia, nasikia treni inapita kwa huyo mzee."

"Ramani ndiyo inasema hivyo."

"Ramani ina shida gani ikipita kwangu?"

"Kupinda, Mzee. Treni haipendi kupinda. Chuma kinalia."

"Chuma kikilia, si kinabembelezwa?"

Kikabembelezwa. Raba ikapita kwenye karatasi, stesheni ya nne ikavuka barabara bila kuangalia kulia wala kushoto, ikatua ndani ya duka la Kabiru kati ya misumari na saruji.

Baada ya hapo mstari ule haukupumzika. Fundi wa viatu alitaka upite mbele yake ili watu wachakaze soli. Mwenye nyumba za kupangisha akataka upite mbali, akalipa. Jirani yake akataka upite mbali kuliko hapo, akalipa zaidi. Waceke, mke wa Kabiru, akaja kisirisiri bila mumewe kujua, ameshika ndoo.

"Injinia, treni itapita chini ya kuku wangu?"

"Kidogo tu, Mama. Kwa mkia."

"Watataga kweli, wakitikiswa namna hiyo?"

"Mayai yatatoka yamekorogwa tayari."

Waceke akalipa, treni ikawapisha kuku. Kufikia Jumanne ramani ilikuwa imepinda kama utumbo, na kwa kweli ilikuwa imerudi kufanana na kile kilichofungwa nayo siku ya kwanza.

Sasa Jacktone alikuwa na shida moja. Githinji angeuliza stesheni yake imekwenda wapi. Akawa anakunywa chai akiwaza, na Nasambu akaja kukaa karibu, akichambua mchele.

"Injinia, mimi sina masomo. Lakini treni si inatoa moshi?"

"Inatoa."

"Na ikiwa chini, moshi unatokea wapi?"

Jacktone akaweka kikombe chini polepole. Alimtazama yule mama kwa huruma, jinsi mtu anavyomtazama mtoto aliyeokota noti bila kujua ni noti.

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya mapaa ya soko, alimwita Githinji pembeni. "Mzee, habari si nzuri. Wakubwa wamesogeza stesheni. Kwako wameleta bomba la moshi."

"Bomba la nini?"

"Moshi wote wa treni kutoka Pioneer mpaka hapa utatokea kwa kona yako. Fidia hakuna. Halafu mwenye ploti ndiye anayelipa mlinzi wa bomba na anayekwangua masizi."

Githinji akashika ukuta. "Na stesheni imeenda kwa nani?"

Jacktone akatazama ng'ambo ya barabara, ambapo Kabiru alikuwa anapima mlango wa duka lake kwa futikamba.

"Aki huyo mtu!" Githinji akasema. "Nirudishie stesheni!"

"Inawezekana. Lakini sasa hiyo ni shukrani ya kuvuka barabara mara mbili."

Jacktone alidhani bahasha nyingine inakuja. Hakumjua Githinji. Mzee huyo angeweza kulipa mara moja kwa tamaa, lakini mara mbili hajawahi kulipa kitu tangu azaliwe. Alirudi nyumbani, hakula, na asubuhi alikuwa na wazo lake mwenyewe: kuuza hiyo kona kwa mjinga yeyote ambaye hajasikia habari ya moshi. Akatazama huku na huku akitafuta mjinga, na mjinga akamletea chai.

"Mama Nasambu," akasema kwa sauti laini, "nimefikiria. Miaka minane ni mingi. Badala ya kukutoa, nikuuzie kona. Wewe na wale akina mama wa kikundi chenu. Bei ya kindugu."

Nasambu akaweka birika chini. "Mzee, na yale maendeleo?"

"Maendeleo ni nyinyi akina mama!"

"Tupe mpaka Jumamosi."

"Jumamosi tu. Wanunuzi ni wengi."

Bei ilikuwa ya kindugu kweli, lakini hata ya kindugu kikundi hakikuwa nayo. Walikuwa na leseni ya harambee ya kutafuta ploti yao, waliyoisubiri miezi minne, na karai tupu. Nasambu alijua pesa za kujaza hilo karai ziko wapi. Zilikuwa chini ya meza yake kila siku, ndani ya mkoba mweusi, katikati ya miguu miwili ya Injinia.

"Injinia," akamwambia kesho yake, "watu wanaanza kusema."

"Wanasema nini?"

"Wanasema kitu kikubwa namna hii bila harambee ni cha uongo. Hapa kwetu hata darasa moja la mabati lina harambee. Treni nzima haina?"

Jacktone akakaa wima. Watu wa Eldoret na karai mbele yao! "Lakini leseni, Mama. Kuomba leseni ni maswali mengi."

"Sisi akina mama tuko na yetu, ya Jumamosi. Wewe uwe mgeni wa heshima. Na unajua mwisho wa harambee karai lote linakabidhiwa mgeni wa heshima, mbele ya watu wote, mkononi."

"Mkononi kabisa?"

"Si umewahi kwenda harambee?"

Alikuwa amekwenda nyingi. Lakini kazi ya Jacktone kwenye harambee ilikuwa kuondoka mapema, wakati watu wamefumba macho kwa maombi. Tangu azaliwe alikuwa hajawahi kukaa mpaka mwisho. Hilo ndilo pengo pekee katika elimu yake, na Nasambu aliliona kama unavyoona jino lililong'oka.

Jumamosi saa sita uwanja kando ya soko ulijaa. Naibu wa chifu alikuja na kofia yake ngumu na fimbo. Ngoma zilikuwepo. Mshereheshaji alikuwa Musimbi, muuza nyanya, mama ambaye sauti yake ilifukuza ndege hata asipowakasirikia. Jacktone alivishwa shada la maua, akakalishwa kwenye kiti chenye kitambaa, mkoba mapajani.

"Mgeni wetu wa heshima!" Musimbi akapaza sauti. "Tunajua hakuja mikono mitupu! Tunajua marafiki zake wamemtuma!"

Jacktone akasimama, akatoa noti moja, akaiinua juu.

"Hiyo ni ya kusalimia!" akasema Musimbi. "Ya kusalimia imeingia! Sasa anatoa ya mkono wa kulia!"

Akatoa mbili.

"Hiyo ni ya mke wake! Sasa anakuja yeye mwenyewe!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Hapo Kabiru akanyanyuka upande wa pili, akatia kitita kwenye karai, akageuka kumtazama Githinji. Githinji naye, ili asionekane maskini mbele ya huyo mtu, akatoa kidogo huku akiumia. Karai likaanza kupendeza. Jacktone akapiga hesabu ya mkulima: ukimwaga mbegu nyingi, unavuna nyingi. Na shamba lote si litaletwa mkononi mwake? Akafungua mkoba.

"Injinia amefungua! Injinia amefungua!"

Akatia bahasha ya Githinji. Akatia bahasha ya Kabiru. Umati ukapagawa, watu wakasukumana kutoa, hata mchinjaji akatoa. Akatia ya fundi wa viatu, akatia ya kuku. Musimbi akachukua mkoba, akaupindua, akaukung'uta, ikaanguka raba.

"Huyo ni mtu!" akapaza sauti. "Ametoa mpaka ya kufutia!"

Kisha karai likainuliwa na wamama wanne, likawekwa mikononi mwa mgeni wa heshima, kama alivyoahidiwa. Lilikuwa zito. Jacktone akasikia machozi ya kweli, ambayo hakuwa ameyapanga. Akageuka kuondoka.

Ngoma zikalia. Akina mama wakamzunguka wakicheza. Akaenda kushoto, mama mmoja mnene akacheza kushoto. Akaenda kulia, watatu wakacheza kulia. Akarudi nyuma, Musimbi alikuwa hapo, mabega yanatikisika, jasho linamtoka. Walimchezesha hivyo, hatua kwa hatua, karai kifuani, akitabasamu kwa meno yote kwa sababu watu elfu walikuwa wanamtazama, mpaka kiuno chake kikagonga meza ya naibu wa chifu.

"Asante, Injinia," akasema naibu wa chifu, akapokea karai. "Mgeni ameshatukabidhi. Sasa nisome leseni. Harambee ya Kikundi cha Akina Mama, kwa ajili ya kununua ploti ya hoteli. Muuzaji yuko?"

"Niko!" Githinji alikuwa amesimama kabla hajaulizwa.

"Ploti ni safi?"

"Safi sana! Hewa nzuri! Hakuna hewa kama hiyo mji mzima!"

"Mzee usiuze!" Jacktone akapiga kelele.

Naibu wa chifu akamgeukia. "Kwa nini asiuze, Injinia?"

Jacktone akafungua mdomo. Akisema hakuna bomba, ataulizwa habari ya stesheni. Akisema hakuna stesheni, Kabiru yuko hapo, na fundi wa viatu, na Waceke na ndoo yake. Askari wawili walikuwa wameegemea mti.

"Nilikuwa nasema," akajibu, "asiuze kwa bei ya chini. Akina mama wana haki ya kulipa vizuri."

"Wewe nyamaza!" Githinji akafoka. "Hii ni bei yangu na nimeipenda!" Akatia kidole kwenye wino, akabandika kwenye karatasi, akaomba ipigwe mihuri miwili. Pesa zikahesabiwa, akapewa. Juu kabisa ilikuwa bahasha yake mwenyewe, ikiwa na mkunjo wake mwenyewe, na akaibusu.

Watu walipoanza kutawanyika Jacktone alimkuta Nasambu akikunja vitambaa vya viti.

"Mama, umenila."

"Mimi nimepika tu. Ulikula mwenyewe."

Jacktone akacheka, maana kazi nzuri ni kazi nzuri. "Twende Kisumu. Wewe na mimi, kwa mwaka mmoja tutauza ziwa."

"Niko na hoteli ya kuendesha. Na wewe uko na kazi. Kabiru ameleta vijana kumi na majembe. Wako pale dukani, wanataka uwaonyeshe pa kuanza kuchimba."

Jacktone akageuka, akamwona Kabiru anakuja, amevaa tai, anapunga mkono kwa furaha. Hakuaga. Alishika barabara ya Kaptagat akiwa na suti na shada la maua shingoni. Huko mbele alilipita kundi la wakimbiaji waliokuwa mazoezini, akawaacha, na kocha wao, aliyekuwa na saa mkononi, akaitingisha akidhani imeharibika.

Kabiru alichimba mwenyewe. Alichimba futi kumi katikati ya duka, akapata maji. Akasema mbele ya watu kwamba wataalamu watayanyonya.

Siku hizi Mzee Githinji anakuja kwa kona asubuhi, ananunua chai kama watu wengine, anakaa dirishani akiangalia shimo la Kabiru kwa wivu mkubwa. Akimaliza kikombe anainama karibu na mwenye hoteli, mkono mdomoni.

"Mama Nasambu. Moshi haujaanza kutoka?"

"Bado, Mzee."

"Pole sana, mama yangu," anasema, na anajisikia vibaya kidogo, kwa jinsi alivyomlaghai.